Shajara ya Zahanati ya Mtaa Wetu, Kigamboni

12 Novemba 2022

Mkutano mkuu wa mtaa umeketi leo chini ya mwembe wa ofisi, na ajenda ilikuwa moja tu: zahanati. Imechaguliwa kamati ya ujenzi ya watu saba, nami nimepewa ukatibu. Nitaandika kila hatua hapa, hesabu zikiwemo, kwa sababu mitaa jirani imeshaanza kuuliza tunafanyaje, na kwa sababu aliyetoa mchango wake ana haki ya kujua umekwenda wapi.

Kwa asiyeufahamu mtaa wetu: hapa palikuwa mashamba ya minazi na mikorosho, nyumba moja moja, na anayefanya kazi Posta, katikati ya jiji, alivuka Magogoni kwa pantoni. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016, mambo yalibadilika. Mashamba yalikatwa vipande, madalali wakajaa, viwanja vya mita ishirini kwa ishirini vikauzwa kama karanga. Waliokuja ni vijana wenye watoto wadogo, wanahama chumba cha kupanga Mbagala au Temeke, wanapandisha vyumba viwili, wanaingia kabla hata madirisha hayajatiwa. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilihamia hivyo hivyo, nikiwa nimebakiza miaka mitatu kustaafu ukunga.

Matokeo ya kwanza ya sensa yaliyotangazwa tarehe 31 mwezi uliopita yanaonyesha picha nzima. Mkoa wa Dar es Salaam umetoka watu 4,364,541 mwaka 2012 hadi 5,383,728. Pwani, ambako mji unamwagikia, umetoka 1,098,668 hadi 2,024,947. Karibu mara mbili kwa miaka 10. Hawa wote wanaumwa, wanazaa, wanachanjwa.

Huduma yetu mpaka leo ni ya mkoba. Mara moja kwa mwezi wauguzi wawili wanakuja na boksi la barafu la chanjo, mizani ya watoto inafungwa kwenye tawi la mwembe huu huu tulioketi chini yake, na akina mama wanapanga foleni juani. Mvua ikinyesha hawaji, maana bajaji haipiti bondeni. Mwezi Septemba nilimpokea mtoto ndani ya bajaji iliyokwama kwenye tope hilo. Nilikuwa na glovu zilizobaki nyumbani na uzi wa kufungia kitovu. Mtoto alilia vizuri, kondo likatoka lote, tukashukuru. Lakini mama yake angetoka damu pale, ningemzuia na nini? Sikuwa hata na sindano moja ya oksitosini. Hilo ndilo lililonileta kwenye kamati.

Tumekubaliana mchango wa TSh 30,000 kwa kaya, kwa awamu tatu, kwa hiari, na kila shilingi ikatiwe stakabadhi ya ofisi. Kuna waliopendekeza kila anayenunua kiwanja kipya atozwe kiasi fulani kwa ajili ya zahanati kabla ya kugongewa muhuri. Wazo ni zuri na watu walipiga makofi. Mtendaji wa mtaa akaeleza kwamba mtaa hauna mamlaka ya kutunga tozo. Lazima iwe sheria ndogo ya halmashauri, ipite baraza la madiwani na kuidhinishwa juu. Tumeliandika kwenye muhtasari ili diwani alichukue.

3 Desemba 2022

Tatizo la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote: kiwanja.

Mchoro wa mipango miji wa eneo letu tulioupata manispaa unaonyesha kipande kilichoandikwa "zahanati", karibu na njia panda ya kisima. Tulikwenda asubuhi, mwenyekiti, mtendaji, mimi na fundi mmoja mwenye futi. Tulikuta misingi miwili, choo kimoja kimekwisha na mama anafua nguo. Kipande kile kimeuzwa vipande vinne. Mama yule alitukaribisha vizuri, akatuletea viti, akatuonyesha karatasi yake ya mauziano. Alilipa kwa akiba ya miaka sita ya kuuza samaki Feri. Kampuni iliyopima na kuuza viwanja ilimwambia eneo ni safi.

Tulisimama pale hatuna la kusema. Kumvunjia ni kumwonea. Kunyamaza ni kuwanyima zahanati maelfu ya watu. Mwenyekiti alimwambia tu, "Mama, tulia, hujakosa wewe," tukaondoka.

Nimelifikiria jambo hili siku nzima. Kigamboni hii imekuwamo kwenye mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002. Kibada, Kisota na Gezaulole zilipimwa wakati ule, na michoro ilitenga maeneo ya shule, masoko na zahanati. Maeneo kutengwa kwenye karatasi si kazi. Kazi ni kuyalinda miaka 10 au 15 mpaka hela ipatikane. Kiwanja cha huduma kisipojengwa kinageuka pori, pori linapata mwenye shoka, na mwenye shoka anapata mteja. Laiti nguzo nne za zege na kibao vingewekwa siku ile ile ya upimaji! Gharama yake haifiki hata laki tano.

21 Januari 2023

Tumepata kiwanja. Mzee mmoja wa zamani wa hapa, aliyebakiwa na shamba la mikorosho upande wa juu, ametoa robo tatu ya eka. Alituita kwake, akatupitisha mipakani mguu kwa mguu, akahesabu mikorosho yake kumi na moja. "Mitatu mtaikata, hii minane iacheni, wagonjwa watapata kivuli." Tuliandikishana mbele ya mjumbe na watoto wake wote watano, kila mmoja akatia sahihi. Hilo la watoto nalisisitiza kwa mitaa mingine: mzee akifariki na warithi hawakutia sahihi, zahanati inaingia mahakamani.

Afisa mipango miji amekuja kupima. Jengo litakuwa la ramani ya kawaida ya zahanati ya serikali: mapokezi, vyumba vya tabibu, chumba cha sindano na vidonda, dawa, maabara ndogo, kliniki ya mama na mtoto, na chumba cha kujifungulia. Nje kutakuwa na kichomea taka, shimo la kondo, vyoo na tenki la maji. Mhandisi wa manispaa ametutaka tusiguse ardhi mpaka alete vipimo vya msingi.

25 Machi 2023

Hesabu ya leo. Kaya zilizomaliza mchango wote ni 382, sawa na TSh 11,460,000. Waliotoa nusunusu wamefikisha TSh 2,150,000. Jumla TSh 13,610,000, zote ziko benki, watia sahihi ni watatu.

Tumefyatua matofali 4,200 ya inchi sita hapa hapa kiwanjani, mifuko 120 ya saruji kwa TSh 15,500, yaani TSh 1,860,000, bila mchanga na fundi. Kununua tayari kungetugharimu zaidi, na yale ya barabarani mengi yanavunjika mkononi. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, unafanyika kila Jumamosi. Vijana wa bodaboda wamechimba msingi wa upande wa mashariki peke yao, kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 4, kisha wakarudi kijiweni. Akina mama wamebeba maji kutoka kisimani.

Mfuko wa jimbo umetupatia saruji mifuko 200 na nondo. Zimepokelewa na kamati ya mapokezi, zimehesabiwa moja moja.

Mtaniuliza, kwa nini wananchi tuanze kwa michango ilhali kodi tunalipa? Utaratibu uliozoeleka nchini ni huu: wananchi wanajenga boma, yaani kuta, mpaka usawa wa renta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, serikali inamalizia. Kwa zahanati, mgawo wa kumalizia boma umekuwa TSh milioni 50. Vituo vya afya vina njia yake. Zile tozo tulizokatwa kwenye miamala ya simu tangu Julai 2021 zilijenga vituo 234, kila kimoja kwa TSh milioni 500. Ni kazi kubwa na nimeviona baadhi, vizuri, vina chumba cha upasuaji. Lakini vilielekezwa kwenye tarafa, na sisi tarafa yetu ilihesabika kuwa na huduma.

Hapo ndipo mji unaokua unapoumia. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, MMAM, wa 2007 hadi 2017 ulisema zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kijiji kina ahadi yake. Mtaa wa mjini wenye watu kuzidi vijiji vitatu unaambiwa kata yenu tayari ina huduma. Kwa vigezo vya wizara vilivyozoeleka, zahanati moja ni ya watu kati ya 6,000 na 10,000, na kituo cha afya ni cha watu 50,000. Hesabu ya kata zinazopokea wahamiaji kila wiki inavuka namba hizo kabla karatasi haijakauka.

10 Juni 2023

Msingi umekwisha, zege la jamvi limemwagwa. Kazi imesimama wiki tatu kwa sababu fedha imekauka. Nimetumia muda huu kwenda ofisi za manispaa kuelewa hela ya afya inatembeaje. Nimekaa kwenye mabenchi mengi.

Njia ya kwanza ni mapato ya ndani. Halmashauri inatakiwa kupeleka sehemu ya makusanyo yake kwenye maendeleo: asilimia 40 kwa zenye mapato madogo, 60 au zaidi kwa zenye uwezo. Huko tunagombana na madarasa, barabara za ndani, mitaro. Ombi letu limeingia kwenye bajeti ya 2023/24 kupitia kamati ya maendeleo ya kata, na diwani amelisimamia vizuri.

Njia ya pili ni Mfuko wa Afya wa Pamoja, ule wa wafadhili na serikali ulioanza 1999. Huu si wa kujengea, ni wa kuendeshea huduma, na kanuni yake ya kugawa inaupa uzito mkubwa idadi ya watu. Ni haki. Shida ni kwamba idadi inatoka kwenye sensa, na sensa ni kila baada ya miaka 10. Katikati wanatumia makadirio, na makadirio hayajui kwamba daraja limefunguliwa. Kwa miaka yote ile tangu 2016, mama aliyehamia hapa kutoka Mbagala alikuwa akihesabiwa Mbagala. Chanjo ya mwanawe ilipangiwa Mbagala. Yeye yuko huku anasubiri boksi la barafu.

Sasa sensa mpya imetupa namba: Wilaya ya Kigamboni ina watu 317,902. Nimemwomba mtakwimu wa manispaa namba ya mtaa wetu, akanipa, nikaibandika ukurasa wa mbele wa faili la zahanati. Kila tunapokwenda kuomba, ukurasa huo ndio unaoanza kuzungumza.

Njia ya tatu ndiyo inayoniumiza kichwa. Nyumba inalipa kodi. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, TSh 1,000 kwa mwezi, na kuanzia mwezi ujao inapanda kuwa TSh 1,500 kwa nyumba ya kawaida na TSh 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Maana yake nyumba inaanza kuchangia taifa siku ile ile mita inapowashwa, bila kukosa, bila mtu kuja kugonga mlango. Chukueni nyumba 1,000 tu: kwa TSh 1,500 ni milioni 18 kwa mwaka. Miaka mitatu ni milioni 54. Boma la zahanati linamalizwa kwa milioni 50.

Hela hiyo inakusanywa na TRA, mamlaka ya mapato, na kuingia kapu la taifa, na taifa lina mahitaji mengi, naelewa. Ninachoomba, na nitaendelea kuomba kwenye kila mkutano, ni kwamba mahali ambapo mita mpya zinafungwa kwa wingi pawe ndipo serikali inapotupia jicho kwanza. TANESCO, shirika la umeme, wanajua mita mpya ngapi zimefungwa kila mtaa mwezi huu. Hiyo ni sensa ya kila mwezi, iko tayari. Mita zikifika idadi fulani, faili la zahanati lifunguke lenyewe.

19 Agosti 2023

Renta imefungwa! Zege limemwagwa kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni. Wamefika watu zaidi ya mia, ndoo zimepita mkono kwa mkono kutoka kwenye mashine mpaka juu ya ukuta. Yule mama muuza samaki, aliye kwenye kiwanja cha zamani, alikuja na sufuria mbili za wali na changu wa nazi. Hakuna aliyemwita.

18 Novemba 2023

Mvua za El Niño zimefika kama walivyotabiri Mamlaka ya Hali ya Hewa. Boma halina bati. Tulifunika kuta kwa maturubai tukaweka mawe, upepo ukayang'oa. Kozi mbili za tofali za juu upande wa magharibi zimelegea, itabidi zirudiwe. Bondeni hakupitiki kabisa; kliniki ya mkoba haijafanyika mwezi huu wala uliopita. Nimezungukia kaya zenye watoto wachanga upande wetu nikaandika walioruka chanjo: ni 29. Orodha nimeipeleka kwa mratibu wa chanjo.

2 Februari 2024

Fedha ya mapato ya ndani imeingia, TSh milioni 30 kati ya 50, kwenye akaunti ya zahanati tuliyo jirani nayo kwa kuwa yetu haijasajiliwa.

Ujenzi ni wa fosi akaunti, yaani hakuna mkandarasi; vifaa vinanunuliwa na kamati na fundi wa hapa hapa analipwa ufundi tu. Inapunguza gharama sana. Lakini tangu mwaka jana manunuzi yote ya umma yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST, na fundi wetu, hodari wa kupaua, hakuwa na namba ya mlipakodi wala barua pepe. Kijana mmoja wa mtaa, mwanafunzi wa chuo, alikaa naye siku mbili kwenye kibanda cha steshenari mpaka akasajiliwa. Kwa mitaa inayofuata nyuma yetu: msisubiri hela iingie ndipo msajili fundi. Sisi tulipoteza wiki tano hapo.

Bati pia zilitupa somo. Tuliagiza za geji 28, zikaja zenye lebo ya 28 ila fundi alipoikunja moja kona kwa kidole gumba akatikisa kichwa. Tulizipima, ni 30, nyembamba zaidi. Kamati ya mapokezi ikakataa kusaini, lori likarudi na mzigo wake usiku. Muuzaji alitubembeleza kwa simu, akatishia, kisha siku ya tatu akaleta zenyewe. Mjumbe wetu wa mapokezi ni mshona nguo, hajawahi kusomea ujenzi, lakini alisimama mlangoni pa lori na daftari lake hakuyumba.

11 Mei 2024

Milioni 20 zilizobaki zimeingia wiki iliyopita. Paa limekwisha, plasta ndani na nje imekwisha, vigae vya chumba cha kujifungulia vimewekwa mpaka usawa wa bega. Nilikuwa mkali kwenye hilo. Fundi alitaka kuishia magotini ili abane matumizi. Nikamwambia, "Mwanangu, damu inaruka." Akanitazama, akaongeza maboksi manne.

Shimo la kondo limechimbwa futi 12, limejengewa na kufunikwa zege. Kichomea taka bado. Tenki la lita 5,000 limewekwa, pampu ya kisima inasubiri umeme.

14 Septemba 2024

Jengo limekaguliwa na timu ya mganga mkuu wa manispaa. Tumepewa namba ya usajili wa kituo na akaunti ya benki imefunguliwa kwa jina la zahanati. Hii akaunti ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za uendeshaji zinatumwa moja kwa moja kituoni badala ya kukaa halmashauri, na kamati ya usimamizi ya kituo, yenye wananchi ndani yake, inapanga matumizi. Zamani kituo kilisubiri hata fedha ya mafuta ya taa.

Watumishi: tumepangiwa watatu. Tabibu mmoja, muuguzi mkunga mmoja, mhudumu wa afya mmoja. Ikama ya wizara ya 2014, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa, inataka zahanati iwe na watumishi 15 mpaka 20. Mkunga mmoja maana yake akilala, zahanati imelala. Nimejiandikisha kujitolea zamu mbili za usiku kwa wiki mpaka apatikane mwingine. Leseni yangu ya uuguzi bado hai.

Nyumba ya mtumishi hatuna. Tumempangishia mkunga vyumba viwili jirani na mzee wa mikorosho, kodi ya miezi sita imelipwa kwa mchango wa msikiti na makanisa mawili. Huwezi kumwambia binti wa miaka 26 atoke usiku wa manane kilomita nne kuja kuzalisha.

7 Oktoba 2024

Tumefungua. Hakukuwa na utepe, mgeni rasmi atapangiwa siku yake. Saa 2 kamili tabibu alifungua mlango, na waliokuwa nje walikuwa 64. Nimewahesabu kwa kalamu: 41 ni watoto chini ya miaka mitano, 12 wajawazito, sita wazee, watano tu ni watu wazima wengine.

Nataka wanaopanga bajeti waione hesabu hii. Kwa sera yetu, mtoto chini ya miaka mitano, mjamzito na mzee asiyejiweza wanatibiwa bila malipo, na ni sera njema. Mimi nimefanya kazi wakati mama anatoroka wodini alfajiri kwa kukosa hela ya kulipia, sitaki turudi huko. Lakini makazi mapya ni makazi ya vijana wanaozaa. Karibu wote wanaokuja mlangoni ni wa msamaha, kwa hiyo kapu la uchangiaji linabaki jepesi, na kapu hilo ndilo linalotakiwa kununua dawa pale MSD, bohari ya dawa ya serikali, wanapokosa na tunapolazimika kwenda kwa mshitiri, muuzaji binafsi aliyeteuliwa. Zahanati ya mjini kati, yenye watu wazima wa bima, inapata. Ya pembezoni, yenye watoto, inapungukiwa. Mgawo wa kituo kipya kwenye makazi mapya ungeangalia ni wangapi wa msamaha, si wangapi tu.

Dawa za mwanzo tulizopokea zinatosha kama majuma sita. Dawa mseto ya malaria ipo, amoksilini ya maji ipo, ORS na zinki za kuharisha zipo, oksitosini ipo, iko kwenye friji. Nimeifungua friji mara tatu leo bila sababu ya maana. Nilitaka tu kuiona.

30 Novemba 2024

Uchaguzi wa serikali za mitaa umepita Jumatano. Mwenyekiti wa zamani amekabidhi faili la zahanati kwa mpya mbele ya kamati, ukurasa kwa ukurasa, na picha za stakabadhi. Hili nalo tulilipanga tangu Agosti ili mradi usife na kiti cha mtu.

Taarifa ya majuma saba ya mwanzo: waliozaliwa hapa 17, waliopewa rufaa kwenda hospitali ya Vijibweni wakiwa na uchungu ni wanne, wote walifika, mmoja kwa upasuaji. Walioruka chanjo kwenye ile orodha yangu ya 29, tumewapata 26. Familia tatu zimehama. Mkunga wa pili bado. Kichomea taka kimekamilika. Umeme upo, mita ni yetu wenyewe.

Deni tulilobakiwa nalo ni TSh 740,000 kwa muuza vigae, litalipwa Desemba kutoka kwa kaya 31 zilizoahidi. Majina yapo ofisini kwa anayetaka kuthibitisha lake.

Jana jioni nilitembea kutoka zahanati mpaka mpaka wa mtaa, upande wa juu ambako mikorosho imeanza kukatwa. Nimehesabu misingi mipya 43. Kila mmoja una rundo la mchanga na turubai, na kwenye miwili watu wameshalala ndani. Asubuhi nimempeleka mwenyekiti mpya huko, pamoja na fundi na nguzo nne za zege tulizozifyatua kwa saruji iliyobaki. Mchoro wa upimaji wa upande ule unaonyesha eka tatu za kituo cha afya. Eneo bado liko wazi, lina majani tu na mbuzi wawili. Nguzo mbili zimesimikwa leo, mbili tutazimalizia Jumatatu, na kibao kinapakwa rangi.